Kukomaza tangi la kwanza la maji baridi: njia ipi ikufae?

Tangi jipya la samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, likishajazwa huonekana limekamilika siku hiyohiyo. Maji yanang'aa, kichujio kinafanya kazi, hita imewaka. Kinachokosekana hakionekani kwa macho, nacho ni bakteria wanaokula taka za samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua saa zote, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Pasipo bakteria hao amonia hulimbikizana, na samaki huanza kufa ndani ya wiki mbili tatu, huku mwenye tangi akimlaumu aliyemuuzia.

Kukomaza tangi ni kuwakuza bakteria hao mpaka watoshe mzigo wa samaki unaowataka. Ziko njia nne zenye maana: kuongeza amonia kabla ya samaki, kuhamisha sponji kutoka tangi lililokomaa, kupanda mimea mingi, na kuanza na samaki wachache huku ukibadilisha maji. Msimamo wetu ni huu. Ukimfahamu mtu mwenye tangi lenye afya, omba sponji. Usipomfahamu, tumia amonia. Mimea inamfaa aliyeitaka tangu mwanzo. Ya samaki ndani ni ya yule ambaye samaki wameshafika nyumbani, haifai kupangwa kwa makusudi.

Kinachokuzwa ni nini

Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti. Nitriti ni sumu. Huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuizuia kubeba oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi hata katika maji yenye oksijeni tele. Nitreti huvumilika; ukiiweka chini ya mg 40 kwa lita kwa kubadilisha maji, samaki wengi wa kuanzia hawapati shida.

Bakteria hawa wanaishi juu ya vitu: sponji, changarawe, kioo, majani. Ndani ya maji yenyewe ni wachache sana. Ndiyo maana ndoo ya "maji ya zamani" haikomazi tangi, na kubadilisha nusu ya maji hakurudishi kazi nyuma. Tena huzaliana polepole. Bakteria kama E. coli akiwa katika hali nzuri hugawanyika kila dakika 20 hivi, lakini hawa huchukua saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku nzima. Wiki zote za kusubiri zinatokana na hilo, na hakuna dawa inayolibadilisha.

Ubaya wa amonia unategemea pH, kipimo cha uasidi wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kipimo husoma jumla ya amonia yote, lakini yenye sumu kali ni sehemu yake tu. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na pH 7, sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwa hiyo usomaji uleule wa mg 1 kwa lita unaweza kuvumiliwa kwa muda katika tangi moja na kuua katika jingine. Kabla ya kuchagua njia, jua pH ya maji yako. Yaache kwenye chombo wazi kwa saa 24 kisha upime, kwa sababu maji yaliyotoka bombani muda huohuo hudanganya.

Vitu ambavyo kila njia inavihitaji

Tangi la sentimita 60 × 30 × 30 hubeba lita 54 kwa hesabu, na karibu lita 45 baada ya changarawe na nafasi ya juu. Hicho ndicho kipimo kidogo tunachokipendekeza kwa anayeanza. Lita 20 zinaonekana rahisi, lakini kiasi kilekile cha chakula kilichooza hutoa zaidi ya mara mbili ya ukali wa amonia. Tangi likijaa, pamoja na kioo na changarawe, hukaribia kilo 70, basi meza iwe imara na isawazishwe kabla ya maji kuingia.

Changarawe ya kina cha sentimita 5 kwenye tangi hilo ni kilo 13 hadi 14. Ioshe mpaka maji yatoke safi. Hita ya wati 50 inatosha, na kichujio kiwe kinazungusha maji yote mara 4 hadi 6 kwa saa.

Klorini ya maji ya bomba huua bakteria unaowakuza. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakiachwa wazi kwa saa 24 hadi 48 yakiwa yanapigwa hewa. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki hivyo; inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Dawa hiyo ikiivunja kloramini huachia amonia kidogo, kwa hiyo usishtuke ukiona mg 0.5 kwenye maji mapya ambayo hayajawahi kuona samaki.

Halafu kuna vipimo. Hapa usifanye uchumi. Vijiti vya karatasi ni vya haraka, lakini vingi havina sehemu ya amonia, na rangi zake ni za kukisia. Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitreti na pH ndivyo vinavyokuonyesha uko wapi. Vipimo vingi vya nitreti vya aina hii vina chupa mbili, na kemikali ya chupa moja hutuama chini. Fuata maelekezo ya kuitikisa kwa nguvu, la sivyo utasoma sifuri wakati nitreti imejaa.

Njia kwa mtazamo mmoja

| Njia | Muda wa kawaida | Cha lazima | Kinachoharibika zaidi |
|---|---|---|---|
| Amonia bila samaki | Wiki 4–6, wakati mwingine 8 | Amonia safi, vipimo vya matone | Kuzidisha kipimo, pH kushuka |
| Sponji iliyokomaa | Siku chache hadi wiki 2 | Tangi la mtu unayemwamini | Magonjwa, sponji kukauka au kukosa hewa |
| Mimea mingi | Wiki 2–4 kabla ya samaki wa kwanza | Mimea inayokua haraka, taa | Mimea michache au ya aina za polepole |
| Samaki ndani | Wiki 6–8 | Kupima kila siku, kubadilisha maji | Sumu kwa samaki, mwenye tangi kuchoka |

Amonia bila samaki

Faida ya njia hii ni kwamba wewe ndiwe unayeshika usukani. Unajua umeweka kiasi gani, unaona kinavyoliwa, na mwisho unapata tangi linaloweza kupokea karibu samaki wote kwa siku moja. Hakuna njia nyingine inayokupa uhakika wa namna hiyo.

Amonia inapatikana kwa sura mbili. Ya kwanza ni kloridi ya amonia, unga mweupe. Yeyusha gramu 6.3 katika mililita 100 za maji. Mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita 10 za tangi huleta mg 2 kwa lita. Kwa tangi lenye lita 45 za maji halisi ni mililita 4.5. Sura ya pili ni amonia ya maji ya usafi. Ikiwa na nguvu ya asilimia 10, mililita 1 hivi inatosha lita 45 hizo. Itikise kwanza: ikitoa povu linalokaa, ina sabuni, na haifai. Yenye manukato au rangi pia iache. Ifungue penye hewa, na usiikutanishe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jaza tangi, ondoa klorini, washa kichujio na hita, acha saa 24 ili uhakikishe halivuji. Weka joto kati ya nyuzi 26 na 28. Bakteria hupenda joto kidogo, na hakuna samaki wa kuumia. Taa izime kama hakuna mimea, maana amonia na mwanga pamoja hualika mwani. Weka amonia ya mg 2 kwa lita, subiri saa moja, pima kuthibitisha hesabu yako. Ongeza chembe chache za chakula cha samaki, mara moja tu. Bakteria wanahitaji fosfeti pia, na maji safi kabisa huwa hayana.

Kisha subiri. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili. Wiki ya kwanza mara nyingi haionyeshi chochote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au kuongeza dozi. Usiongeze. Zaidi ya mg 5 kwa lita amonia yenyewe huanza kuwazuia bakteria unaowataka, hasa wale wa nitriti. Amonia ikishuka chini ya 0.25, rudisha kwenye 2.

Hatua ya nitriti ndiyo ndefu, na ina hesabu ambayo watu huisahau: kila mg 1 ya amonia huzaa mg 2.7 za nitriti. Ukiweka mg 2 kila siku kwa siku tano, umetengeneza mg 27 za nitriti kwa lita, huku vipimo vingi vikiishia 5. Utaona rangi ileile ya zambarau kali kwa wiki tatu na kudhani hakuna kinachoendelea. Kwa hiyo nitriti ikipanda, punguza: amonia mara moja kila siku mbili au tatu, tena mg 1 tu. Ikifika ukingo wa kipimo, badilisha nusu ya maji ili uweze kusoma tena. Hutapoteza bakteria.

Tangi limekomaa pale unapoweka mg 2 kwa lita na baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, na hali hiyo ikajirudia kesho yake. Sifuri ya nitriti mwanzoni kabisa haihesabiki. Nitreti lazima iwe imeonekana. Hapo badilisha asilimia 70 hadi 90 ya maji ili kushusha nitreti, rekebisha joto, na ulete samaki ndani ya siku moja. Wakichelewa, endelea kuwalisha bakteria mg 1 kila siku mbili.

Wapo wanaotupia chakula cha samaki au kipande cha nyama ya kamba kioze badala ya kutumia amonia. Inafanya kazi, lakini hujui amonia imetoka kiasi gani wala lini, ukungu huota, na wiki huongezeka. Ifanye tu pale amonia safi haipatikani: chembe chache kila siku, kama ungekuwa unalisha samaki wawili watatu.

Sponji kutoka tangi lililokomaa

Hapa hukuzi, unahamisha. Kwa kasi hakuna njia inayoifikia, na haigharimu chochote zaidi ya ukarimu wa mwenye tangi. Kinachohitajika ni vitu vya ndani ya kichujio: sponji, pete za kauri, pamba. Changarawe ya tangi la zamani inasaidia kidogo. Maji yake hayasaidii.

Kosa kubwa liko njiani. Watu huitumbukiza sponji kwenye chupa iliyojaa maji na kufunga kizibo. Bakteria humaliza oksijeni na wengi hufa kabla ya kufika. Iweke kwenye mfuko ikiwa na unyevu wa maji ya tangi lake, mfuko ubaki na hewa nyingi, isikauke na isipigwe jua. Ifikishe siku hiyohiyo, haraka iwezekanavyo. Usiioshe kwa maji ya bomba, hata ikiwa chafu kiasi gani. Tangi lako liwe limeshajazwa, klorini imeondolewa, joto liko sawa, na sponji iwekwe pale maji yanapopita, si kutupwa sakafuni.

Usichukue zaidi ya theluthi moja ya vitu vya kichujio cha mwenzako, ili tangi lake lisiyumbe. Njia ya heshima zaidi ni kumpelekea kichujio chako kipya cha sponji kikae ndani ya tangi lake wiki nne, kisha ukichukue kizima.

Hatari yake ni kwamba kinachokuja na bakteria hakichujwi. Ugonjwa wa madoa meupe, konokono, mwani, vyote husafiri na sponji. Uliza kama kuna samaki aliyekufa au samaki mpya aliyeingia ndani ya mwezi uliopita. Jibu likiwa la kusitasita, acha.

Sponji pia haileti bakteria zaidi ya wale waliokuwa wakilishwa huko. Ikitoka kwenye tangi lenye samaki watano wadogo, haitabeba ishirini. Pima kabla ya kuamini: weka amonia mg 1 kwa lita, angalia baada ya saa 24. Ikiisha yote na nitriti ni sifuri, leta robo ya samaki unaowapanga. Isipoisha, endelea kama ilivyoelezwa kwenye njia ya amonia; utakuwa umeokoa wiki kadhaa hata hivyo.

Mimea mingi

Mimea ya maji hunyonya amonia moja kwa moja, na mingi huipenda kuliko nitreti. Ikiwa mingi ya kutosha, amonia haipandi kabisa, na bakteria hujijenga pembeni bila kelele. Shida ni neno "mingi". Mashina matatu ya mapambo hayahesabiki. Tunazungumzia sakafu iliyofunikwa nusu au zaidi tangu siku ya kwanza, kwa mimea inayokua haraka: Ceratophyllum demersum, Egeria densa, Vallisneria, na ya kuelea kama Limnobium. Anubias na jimbi la Java ni mimea mizuri isiyokufa kirahisi, lakini ukuaji wake ni wa polepole mno kubeba kazi hii.

Taa saa 6 hadi 8 kwa siku. Zaidi ya hapo mwani hutangulia. Wiki mbili za kwanza baadhi ya mimea hudondosha majani, hasa iliyokuzwa nje ya maji. Cryptocoryne inaweza kuyayeyusha yote na kuota upya. Majani hayo yakiachwa yaoze yanaongeza amonia ileile unayotaka iondoke, kwa hiyo yatoe kila siku. Ukitumia udongo maalumu wenye mbolea, jiandae: aina nyingi huachia amonia kwa wiki tatu nne za kwanza, na maji hubadilishwa nusu mara kadhaa kwa wiki. Katika tangi la namna hiyo huna haja ya kuongeza amonia ya chupa.

Alama ya kukomaa hapa ni tofauti. Nitreti inaweza kubaki sifuri kwa sababu mimea inaila, hivyo huwezi kuitumia kama ushahidi. Angalia majani mapya yanayoota kwa kasi, na amonia na nitriti sifuri kwa wiki nzima. Kisha leta samaki wachache, subiri wiki mbili, ongeza. Anayependa mimea atafurahia njia hii kuliko zote. Anayetaka samaki tu na changarawe ataiona kazi ya bustani asiyoiomba.

Samaki ndani

Samaki wameshanunuliwa, labda kama zawadi, na haiwezekani kuwarudisha. Basi fanya hivi. Wabaki wachache na wadogo. Kwa lita 54, danio (Danio rerio) watano au plati watatu ni kikomo. Neoni tetra hawafai kwa tangi changa, na samaki wa dhahabu hawafai kwa tangi hili kabisa, kwa ukubwa wao na kwa taka zao. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika moja, na siku moja kwa wiki usilishe.

Pima amonia na nitriti kila siku. Moja ikifika 0.5, au zote mbili zikionekana pamoja kwa 0.25, badilisha maji siku hiyo. Hesabu ni nyepesi: kubadilisha asilimia 50 hugawa usomaji kwa mbili. Amonia ya 1 itabaki 0.5, ambayo bado ni nyingi, hivyo badilisha asilimia 75 au rudia baada ya saa chache. Maji mapya yawe na joto lilelile na yasiwe na klorini. Pale pH inapozidi 7.5, usingoje 0.5, chukua hatua kwenye 0.25.

Nitriti ikipanda, chumvi ya kawaida husaidia, kwa sababu kloridi hugombea mlango uleule kwenye matamvua ambao nitriti huupitia. Gramu 1 ya chumvi isiyo na viungo kwa kila lita 6 inatosha, na kipimo hicho ni kidogo mno kuwadhuru samaki wa kawaida. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Chumvi haiondoi nitriti, inakupa muda tu.

Samaki anayehema juu ya uso wa maji, matamvua mekundu au ya kahawia, mapezi yaliyobanwa mwilini: hizo ni dalili za sumu, na dawa yake ni maji mapya, wala si vidonge vya ugonjwa. Dawa nyingi za kuua bakteria wa magonjwa zinaweza kuwadhuru na hawa unaowahitaji.

Anayedumu na ratiba hii kwa wiki sita hadi nane bila kuruka siku atafanikiwa. Wengi hawadumu, na ndiyo sababu tunaiweka mwisho.

Vipi kuhusu bakteria wa chupa?

Ni nyongeza, haisimami peke yake. Vitabu vya zamani vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye mla nitriti. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira, na mwaka 2015 ikathibitika kwamba baadhi ya Nitrospira humaliza hatua zote mbili peke yao. Basi soma lebo uone kama inamtaja Nitrospira. Chupa iliyokaa kwenye joto kali au kuganda huenda imebeba maji tu. Imwage baada ya dawa ya klorini kufanya kazi, karibu na mdomo wa kichujio, na uendelee na vipimo kama vile hukuiweka. Amonia isiposogea ndani ya wiki mbili, chupa haikufanya kitu.

Kichujio: sponji ya hewa au cha kuning'inia?

Kwa anayekomaza tangi la kwanza, kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa kina nafasi ya mbele. Hakina cha kununua upya, hakivuti samaki wadogo, na umeme ukikatika sponji hubaki ndani ya maji ya tangi yenye hewa kiasi. Kasoro zake ni mlio wa mapovu na uchujaji hafifu wa vumbi. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, funga vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mrija wa hewa, la sivyo umeme ukikatika maji yatafuata mrija mpaka sakafuni.

Cha kuning'inia, kinachotundikwa ukingoni mwa tangi, husafisha maji vizuri zaidi. Tatizo lake ni kasha la pamba na mkaa ambalo maelekezo hukuambia ulitupe kila mwezi. Ukilitupa umetupa bakteria wako karibu wote, na tangi linaanza upya likiwa na samaki ndani. Kata kipande cha sponji kinachoenea mahali pa kasha, na ukisuuze kila baada ya wiki chache kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Vya mkebe uliofungwa vya nje ni vizuri kwa matangi makubwa, lakini umeme ukikatika kwa saa kadhaa oksijeni ndani ya mkebe huisha na maji huharibika. Kabla ya kukiwasha tena, fungua, mwaga maji hayo, suuza.

Mambo yanapokwama

Amonia au nitriti ikisimama mahali pamoja zaidi ya siku kumi, pima pH kwanza. Kazi ya bakteria hawa hula ugumu wa kaboneti, yaani akiba ya madini inayozuia pH kushuka: kila mg 1 ya nitrojeni ya amonia humaliza karibu mg 7 za kaboneti ya kalisi. Kwenye maji laini akiba hiyo huisha, pH huporomoka chini ya 6.5, na kazi hupungua mpaka karibu kusimama. Gramu 5 za bikaboneti ya soda katika lita 50 huongeza ugumu huo kwa digrii 3 hivi. Tangi likiwa na samaki, usiiweke ghafla: pH ikipanda, amonia iliyokuwa haina makali huwa sumu. Badilisha maji kwanza.

Sababu nyingine ni za kawaida. Hita ilizimwa na maji yako nyuzi 20. Kichujio huzimwa usiku kwa sababu ya kelele. Sponji iliogeshwa kwa maji ya bomba. Ndoo moja iliingia bila dawa ya klorini.

Maji yakiwa meupe kama yaliyotiwa maziwa siku chache baada ya kuanza, hao ni bakteria wengine wanaokula uozo, na huondoka wenyewe. Usisafishe kichujio kwa sababu yao. Unga wa kahawia kwenye kioo na mawe katika wiki za mwanzo nao ni mwani wa matangi mapya, futa, utapungua.

Samaki wanapoingia

Aliyetumia amonia mpaka mwisho anaweza kuleta sehemu kubwa ya samaki wake mara moja. Kwa njia nyingine tatu, ongeza robo kwa robo, wiki mbili kati ya kila kundi, kwa sababu bakteria huongezeka kufuata mzigo wala hawautangulii. Rudisha joto kwenye nyuzi 24 au 25 kabla hawajafika. Siku ya kwanza usilishe.

Pima kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki hadi mwezi uishe. Amonia ya 0.25 ikitokea, punguza chakula nusu na ubadilishe robo ya maji. Baada ya mwezi, badilisha asilimia 25 kila wiki na upime nitreti kabla ya kubadilisha; ikizidi 40, ama samaki ni wengi ama chakula ni kingi, na mara nyingi ni chakula.